Mafini ya avwani: ya ku video inavimba, ya kwetu inalala, juu ya nini?

Hizi siku kila grupe ya WhatsApp ya bamama ba Goma iko na video yake ya mafini ya avwani. Iko ile ya bila unga, iko ile ya bila sukari, iko ile ya ndizi mbili na yai moja "na basi imeisha", na iko ile odio ndefu ya mutu mwenye hatujui, anasema avwani inaponesha sukari, inashusha tansio na kukausha tumbo mu wiki moja. Batu banajaribu. Mutu anafungua sufuria anakuta kitu imepanda pembeni na kushuka katikati, chini imeungua, ndani inanata ku meno, na usiku anaandika mu grupe kwamba levire, ile poda ya kuvimbisha, ya ku soko ni ya uongo. Mara moja moja ni kweli. Mara mingi levire ya batu haina kosa.

Mafini ya avwani njo kati ya bitu rahisi sana kupika nyumbani, na inakubali ubadilishe karibu kila kitu ndani yake, maziwa, mafuta, matunda, hata furu yenyewe. Lakini inamukubalia mutu mwenye kujua kila kitu iko na kazi gani mule ndani. Ukitosha kitu bila kujua kazi yake, ile kazi inabaki bila mwenyewe na sufuria itakuambia. Donc tuanze chini kabisa, tupande pole pole.

Mafini ni kamukate kadogo katamu ka mutu mumoja, kanapikwa mu kakombe. Haiko mukate juu haingojei hamira, na haiko gato kamili juu hatupigi siagi na sukari mpaka mukono uchoke. Bitu kavu bakuli moja, bitu ya maji bakuli ingine, unamwanga pamoja, unachanganya kidogo tu, ku moto. Avwani ni nafaka ya inchi za baridi, Urusi na Canada njo zinalima mingi, ku kopo utasoma "flocons d'avoine", bandugu ba Kenya na Tanzania banaitaka oti. Ile unanunua imeshapitishwa ku mvuke na kulaliwa na mashini mpaka imekuwa bapa, ndiyo maana inaiva haraka, na ndiyo maana ile maneno ya "lazima uipike buyi kwanza ndio utie mu mafini" haina sababu. Haitaki kupikwa mara mbili. Inataka kulowa.

Iko ya aina tatu mbele yetu. Ile nzima nzima, bapa kubwa, inataka nusu saa mu maziwa. Ile ya kukatwa kidogo, yenye kopo inasema dakika tatu ao tano, inataka kama robo saa. Na ile ya unga unga ya dakika moja, hiyo inashika maji mara moja, na ukiiweka mu resete ya avwani nzima utapata kitu nzito. Kama ku kopo yako hakuna maandishi juu umenunua ya kupima, vunja moja mu vidole: ikivunjika na kuacha unga ni ile ya haraka.

Sasa kazi za kila mutu.

Unga ya ngano ikikutana na maji inatengeneza kitu yenye kuvutika, inaitwa gluteni. Gluteni njo wavu wa sambaza, ile samaki kadogo, wa mafini: matundu yake ni madogo mpaka hata kahewa kadogo kenye levire inatoa kanakamatwa mule, hakapiti, na mafini inabaki imesimama. Avwani haina ule wavu. Inashika maji, inashika mingi kupita ngano, inaleta ladha na inashibisha, lakini hewa inapita tu. Ukisikia "mafini bila unga" ujue kuko kitu ingine imechukua ile kazi ya kushika, na mara mingi ni mayai, njo maana zile resete ziko na mayai mbili, tatu. Dada mumoja akiona mayai ni bei, anapunguza anaweka moja, hapo ametosha unga na ametosha mayai, hewa itashikwa na nani?

Lakini wavu ukikazwa sana nao ni shida. Kadiri unakoroga unga ya ngano imelowa, gluteni inakaza, na mafini inakuwa ngumu, ukikata unaona mashimo marefu ndani yenye kupanda juu. Hii inatuuma sisi wenye kuzoea kukanda mandazi, juu mukono unasema kukoroga mingi ni kupika muzuri. Kwa mafini ni kinyume. Ukiona hakuna tena unga nyeupe kavu, acha. Tuvimbe tudogo tubaki, tutajimaliza ku moto.

Halafu ziko zile poda. Ku soko utakuta bitu tatu mu tusashe, na muuzaji mwingine anaziita zote levire, hapo njo mchafuko unaanza.

Ya kwanza ni hamira ya mukate na mandazi, tupunje tudogo twa rangi ya kahawia. Iko na uhai, ni aina ya kuvu, inakula sukari na kutoa hewa pole pole, inataka saa nzima ao zaidi. Hiyo weka pembeni, haiko ya leo. Ya pili ni bikarbonate, nyeupe, laini. Yenyewe peke yake haifanyi mingi, inangojea kitu ya ukali: ndimu, mashanza (maziwa ya kuchacha), maracuja, vinegre. Zikikutana inatoka povu hapo hapo, na kwa hiyo ukishachanganya usianze kuzungumuza na jirani ku mulango, hewa inaenda. Ya tatu ni levire shimike, yenyewe ni bikarbonate ileile imechanganywa tayari na asidi kavu na kidogo ya unga ya kuzuia unyevu, inangojea tu maji na moto. Mingi ya hizi za sasa zinafanya kazi mara mbili, kidogo ikilowa na kidogo tena ikipata moto, ndiyo maana zinasamehe mutu mwenye kuchelewa.

Kupima kama ni nzima ni dakika moja. Levire shimike: nusu kijiko mu maji ya moto, ikifoka kwa nguvu ni nzima, ikizama kimya kimya ni ya kutupa. Bikarbonate: tone ndimu juu yake. Fanya hivi mbele ya kulaumu soko, na surtout mbele ya kuvunja yai. Na ujue bikarbonate iko na nguvu mara tatu ao ine kupita levire shimike, kwa hiyo ukikosa levire na kuweka bikarbonate kipimo kilekile utakula mafini yenye ladha ya sabuni, na hakuna sukari itaficha ile.

Sasa kitu yenye sijaona video hata moja inasema, na kwetu hapa njo kubwa kupita zote: kilima.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Bukavu ni vilevile, Lubumbashi iko karibu 1,200. Ule mama wa video mara mingi anaishi chini, pengine Mombasa, pengine Lagos, pengine London. Kama unataka ushuhuda angalia pakiti ya chipsi yenye lori imepandisha kutoka Dar es Salaam: inafika hapa imevimba, karibu kupasuka, na hakuna mutu aliongeza hewa ndani. Ni hewa ya inje njo imepungua kusukuma. Hapa kwetu hewa inasukuma na nguvu karibu asilimia 85 ya ile ya pwani. Basi kahewa ka levire mu mafini nako kanafanya vile pakiti inafanya, kanavimba haraka na kupita kiasi, kanapasuka mbele unga haujaiva kushika, na katikati inashuka. Ule mutu wa grupe mwenye mafini yake ilipanda na kuanguka, levire yake haikuwa mbovu. Ilikuwa mingi!

Na tena maji ya hapa inachemka ku digrii karibu 95, haifiki 100, na unyevu unatoka haraka. Donc resete ya chini ikipanda Goma tunaitengeneza hivi: toa robo ya levire, ongeza kijiko kubwa moja ao mbili ya maziwa kwa kila kikombe ya maziwa, punguza sukari kidogo juu sukari mingi inachelewesha mafini kushikana, na kama furu yako iko na namba panda kama digrii kumi. Kama wewe unasoma uko Uvira ao Kalemie, pembeni ya ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari, punguza kidogo tu, ao usipunguze.

Haya, resete ya musingi, imeshatengenezwa kwa kilima chetu. Kikombe ni ile ya mililita 250, lakini kama ya kwako ni ndogo tumia tu ileile kwa kila kitu na uchague yai ndogo.

Kikombe moja ya avwani, mwangia kikombe moja ya mashanza na bijiko kubwa mbili ya maziwa, acha nusu saa. Hiyo nusu saa usiiruke, juu avwani kavu ikiingia mu moto itanyonya maji ya mafini yote na itatoka kavu kavu, ya kukwama mu koo. Mu bakuli ingine weka kikombe moja ya unga ya ngano, levire shimike kijiko ya chai yenye haijajaa, sema robo tatu, bikarbonate robo ya kijiko, chumvi nusu kijiko. Ile bakuli ya avwani ongeza yai moja, sukari theluthi ya kikombe, mafuta ya kupikia theluthi ya kikombe, koroga muzuri hapa juu hakuna unga bado. Halafu mwanga kavu mu maji, changanya na kijiko ya mti kwa kugeuza kutoka chini, mara kumi na tano hivi, acha. Inatoka kama mafini kumi.

Hauna mashanza? Maziwa ya kawaida ao ya poda imefanywa na maji, utie kijiko kubwa ya ndimu, ngojea dakika tano igande kidogo. Hauna hata ndimu? Basi tosha bikarbonate kabisa, kazi yake haiko tena, na weka levire shimike kijiko ya chai moja na nusu. Umeona vile inaenda: ukitosha ukali unatosha na bikarbonate, zinatembea pamoja.

Furu

Batu banaacha mambo ya mafini juu hawana furu. Bamama ba hapa banapika gato ya harusi ku mbabula, jiko ya makala, tangu zamani, sijui juu ya nini mafini ingeshindikana.

Chukua sufuria kubwa nzito, ile ya maharagi ya batu wengi. Weka chini mchanga mukavu ao tumawe twa volkano, kama vidole viwili kwenda juu, na tumawe hatukosekani hapa, lakini tuwe tumekauka kabisa, juu jiwe yenye imekunywa mvua ikipata moto kwa ghafla inaweza kupasuka. Funika, weka ku makala imeshawaka muzuri, ngojea robo saa. Nyunyiza tone ya maji ku mufuniko: ikiruka ruka na kukauka hapo hapo, sufuria iko tayari. Kama inakaa na kutoa mvuke pole pole, ngojea bado. Mafini inataka moto mukali mwanzo, iko karibu digrii 200 ya furu, ndio inavimba juu na kufanya kichwa. Moto ya uoga inatoa mafini bapa.

Ukishaingiza bikombe, chota makala uweke juu ya mufuniko. Na hapa njo batu banakosa: banaweka juu kidogo, chini mingi, juu banaogopa. Ifanye kinyume, theluthi mbili juu, theluthi moja chini. Mufuniko ukikosa moto, mvuke unapanda, unakutana na chuma ya baridi, unakuwa matone, na matone inashuka juu ya mafini. Ukifungua utaona juu iko na madoa nyeupe nyeupe ya kulowa na haina rangi. Mufuniko ukiwa na moto muzuri, hakuna tone inashuka na juu inapata rangi ya kahawia. Usifungue mbele ya dakika ishirini hata kama shemeji amefika. Kwanza utasikia harufu ya maziwa, halafu baadaye inageuka, inakuwa ya sukari imeanza kuchomwa kidogo, hapo njo saa ya kufungua na kutia kijiti. Kijiti ikitoka na kachembe moja mbili ni sawa. Ikitoka na uji, rudisha mufuniko dakika tano.

Hii yote ifanyie inje ao ku mulango wazi. Makala mu nyumba imefungwa juu ya mvua inatoa hewa yenye haina harufu na inaua batu.

Bikombe za mafini za duka ni muzuri lakini haziko lazima. Bikombe bidogo ya aluminiumu, pakaza mafuta na unga. Majani ya ndizi, pitisha juu ya moto mpaka inalegea na kung'aa, kata, kunja ndani ya kikombe, inatoa na harufu yake ya pekee. Makopo ya tomate mimi siyapendi, mingi ndani imepakwa kitu ya kuzuia kutu na hiyo kitu haikufanywa kwa moto ya furu. Ao acha kabisa mambo ya bikombe, mwanga yote mu sufuria ndogo, pika dakika arobaini, kata vipande. Hakuna polisi ya mafini.

Mwenye furu ya umeme anajua tu shida yake, umeme ikienda katikati asifungue mulango, ile moto imebaki ndani inaweza kumalizia kama robo saa ya mwisho.

Kubadilisha

Hapa njo utamu wa hii chakula, na sheria ni moja tu, badilisha kazi moja kwa mara moja. Ukibadilisha unga, yai na mafuta siku moja, ikiharibika hautajua nani alifanya.

Ndizi inaingia kwa sukari na kwa maji. Chukua kamaramasenge zenye maganda imeanza kuwa nyeusi, zile batoto banakataa kukula, ponda mpaka upate nusu kikombe. Sasa punguza mashanza ikuwe nusu kikombe na sukari ishuke robo. Batu banaongeza ndizi bila kupunguza maji, halafu banashangaa mafini haiivi katikati. Karoti na maboga ni vilevile, kwaruza, kamua maji kidogo, usipite nusu kikombe. Ukiona mafini ya ndizi imekuwa nyeusi nyeusi ndani usiogope, bikarbonate njo inafanya ile rangi, haiko uchafu.

Mafuta kazi yake ni kulainisha. Avoka imepondwa inaweza kuichukua, kipimo kilekile, inatoka laini kabisa lakini na karangi ka kijani, ukiwa na batoto bachaguzi ongeza kijiko ya kakao. Karanga ya kusaga nayo iko na mafuta yake, ukiweka bijiko tatu punguza mafuta ya kupikia kidogo. Mawese? Inafanya kazi, inalainisha sawa tu, ladha njo maneno. Na vanila inagombana. Na tangawizi na karoti inakaa muzuri, na mimi naipenda hivyo, nyumbani kwangu niko peke yangu mu hiyo maoni.

Yai inashikanisha na kuinua. Mu resete hii ya musingi yenye iko na unga ya ngano, yai moja unaweza kuitosha na kuweka robo kikombe ya ndizi imepondwa, itakuwa nzito kidogo lakini itasimama. Mu zile resete za bila unga usijaribu, umeshaona juu ya nini.

Unga ya ngano, nusu yake inaweza kuwa masoso, ile ya mahindi, soya na sorgo ya buyi ya batoto, na kwa akili yangu hii njo mabadiliko ya maana kupita zote juu soya inaleta protini na masoso iko kila mahali. Inataka maziwa kijiko moja zaidi. Unga ya muhogo usipite robo, ikizidi inafanya ndani inanata na kuvutika, unakula unafikiri ni fufu yenye sukari. Avwani yenyewe unaweza kuisaga ikuwe unga, lakini pima kwa uzito kama uko na balansi: kikombe ya avwani iko karibu gramu 90, kikombe ya unga ya ngano karibu 120. Mutu mwenye kubadilisha kikombe kwa kikombe anapima bitu mbili tofauti.

Buki (asali) nayo ni tamu kupita sukari na iko na maji ndani, weka kidogo kuliko sukari, toa kijiko mbili ya maziwa, na ukae karibu juu inaungua haraka. Mutoto mwenye hajafikisha mwaka moja asipewe mafini ya buki, hata imepikwa. Mu buki munaweza kuwa mbegu za mikrobe ya botulismu, moto ya mafini haiziue, na tumbo ya mutoto mudogo haijaweza kuzishinda.

Ile odio ya dawa

Iko na kaukweli ndani yake, njo maana inatembea. Avwani iko na fibre inaitwa beta-glukani, njo ile inafanya buyi ya avwani kuteleza. Ukipata gramu 3 za beta-glukani kila siku inasaidia kushusha kolesteroli mbaya, na tangu 1997 mu Marekani serikali inaruhusu makopo ya avwani kuandika kwamba inaweza kupunguza hatari ya ugonjwa ya moyo. Tena ile utelezi inachelewesha sukari ya chakula kuingia mu damu. Mpaka hapo ni sawa.

Sasa tupige hesabu ya mafini yetu. Kikombe ya avwani gramu 90, ndani muko beta-glukani kama gramu 3 na nusu, ao 4. Gawanya kwa mafini kumi, kila moja haifiki nusu gramu. Ili ufike gramu 3 itakubidi ukule mafini nane, na hapo umekula karibu sukari yote ya sufuria na mafuta yote. Mutu mwenye kutafuta ile faida apike buyi ya avwani asubuhi bila sukari, ni rahisi na ni bei kidogo. Mafini ni chakula ya kufurahia na chai, iko muzuri kupita mandazi ya mafuta, lakini haiko dawa, na mwenye ugonjwa ya sukari asiache dawa yake juu ya odio. Na asidanganywe na "bila sukari" yenye iko na ndizi ine na buki nusu kikombe. Damu yake haitajua kama imetoka ku mti ao ku nyuki, itahesabu tu.

Na kukausha tumbo? Gramu 100 za avwani kavu ziko na kalori karibu 380, hiyo haipiti mbali na unga ya mahindi. Tofauti ni kwamba avwani inakaa mu tumbo, hausikii njaa haraka, basi pengine unakula kidogo saa sita. Pengine.

Kitu ingine inaulizwa sana ni kama mutu mwenye kukatazwa gluteni na munganga anaweza kukula. Avwani haina gluteni ya ngano, lakini mara mingi inabebwa na kusagwa mu mashini zenye zimepitisha ngano, na resete yetu iko na ngano kikombe nzima, kwa hiyo hapana. Hata akipata avwani yenye kopo inasema wazi haina gluteni, ile unga ya ngano nayo lazima itoke.

Kuchunga

Mafini ya avwani ni muzuri zaidi kesho yake, juu avwani inaendelea kugawanya unyevu usiku, na karatasi inatoka bila kubeba nusu ya mafini. Iache ipoe kabisa mbele ya kufunika, ikifunikwa ya moto inatoa jasho. Mu kopo yenye kufunga inafika siku tatu. Frigo usiiweke, batu banafikiri frigo inachunga kila kitu, lakini bitu ya unga inakauka na kukaza haraka mu frigo kupita mu kabati. Konjelateri ndiyo, hata mwezi. Ikishakaza, ipasue katikati, laza upande wa ndani ku kikaango bila mafuta, dakika mbili. Ile ya ndizi na ya karoti iko na maji mingi, hiyo ikipita siku mbili geuza utazame chini kwanza, ukungu unapenda kuanzia pale ku karatasi.